Aliyekasimiwa Daraja

Maiti ya Doreen Capstick ilikutwa Ijumaa saa moja asubuhi, kifudifudi kwenye kijito cha Sallow, mkoba wa vitabu ukiwa bado begani. Juu yake, daraja la mbao la waenda kwa miguu lilikuwa limekatika ukingo mmoja. Daktari wa polisi alisema shingo ilivunjika jana yake mchana. Mama wa watu alikuwa na miaka sabini na mmoja.

Inspekta Hester Pargeter alizigusa mbao zilizooza.

"Daraja hili lilifungwa tangu Machi. Uzio uko wapi?"

"Kule, afande," alisema Sajenti Lodhi.

Vipande vya uzio wa plastiki, vile vya rangi ya chungwa, vilikuwa vimepangwa vizuri nyuma ya ukumbi wa kijiji. Doreen alikuta njia wazi, akaamini daraja limeshatengenezwa. Nani asingeamini?

Pargeter alipiga simu ofisi ya kaunti.

"Njia za miguu ni zetu, ndiyo," alijibu bwana mmoja kwa sauti laini. "Ila kazi hiyo tumeikasimu kwa wilaya."

Akapiga wilayani.

"Sisi tumeikasimu kwa baraza la kijiji. Makubaliano yapo, kifungu cha nne."

"Na mbao zinazooza miaka mitatu, mlimkasimu nani?"

"Hilo kawaulize kijijini, Inspekta."

Jamani! Mtu kafa, na watu wazima wenye tai shingoni wanarushiana mpira. Kufikia saa sita mpira ulikuwa umetua kwa mnyonge: Clive Rudkin, fundi wa baraza la kijiji, mtu wa kukata nyasi na kupaka rangi mabenchi. Uzio kautoa fundi, basi muuaji ni fundi. Mkuu wa polisi alitaka Clive afunguliwe mashtaka ya kuua bila kukusudia kesho yake mchana.

"Uzio uliutoa wewe?" aliuliza Pargeter kituoni.

"Mimi."

"Lini?"

"Jumanne, saa nne asubuhi."

"Kwa nini?"

"Niliandikiwa, mama. Unadhani naamka tu nafungua daraja bovu? Nina wazimu?"

Alichomoa barua mfukoni mwa ovaroli. Ilikuwa fupi: *Baraza limemkasimu mwenyekiti wake, Diwani Roland Askham, mamlaka juu ya daraja. Mwenyekiti ameridhika kuwa ni salama. Ondoa uzio.* Chini kulikuwa na sahihi ya karani, Gillian Tebbutt.

Bi Tebbutt aliisoma akiwa amesimama, barua ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa ushahidi. Uso ukamwiva.

"Sikuandika mimi upuuzi huu!"

"Sahihi inafanana na yako."

"Sahihi inaigwa. Hebu soma mstari wa kwanza. Eti limemkasimu mwenyekiti! Baraza linakasimu kwa kamati, kwa karani, hata kwa baraza jingine. Kwa diwani mmoja peke yake, haiwezekani, sheria hairuhusu, hata awe mwenyekiti. Karani anafundishwa hilo wiki ya kwanza, na mimi nina miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki."

"Nani asingelijua?"

"Yule ninayemkumbusha kila kikao. Naye kila kikao ananijibu, 'Gillian, mimi ndiye baraza.'"

Barua ikapelekwa maabara usiku uleule.

Asubuhi walimkuta Diwani Askham mlangoni mwa ukumbi, akimwagilia vikapu vya maua.

"Jumanne ulikuwa na wageni, Diwani?"

"Waamuzi wa shindano la kijiji nadhifu. Mwaka huu tuna nafasi nzuri sana, Inspekta."

"Uzio je?"

"Ungeharibu mandhari yote, ile rangi..."

Pargeter alimwonyesha barua.

"Maabara imepata alama za vidole za watu wawili. Za Clive tunazo. Za karani hazimo. Tuchukue zako?"

Askham aliweka chini ndoo yake ya kumwagilia.

"Niliandika mimi. Clive hatoi hata msumari bila karatasi ya Gillian. Nilitaka muda wa saa mbili tu! Waamuzi wapite, uzio urudi."

"Ulirudi?"

"Nilidhani Clive angeurudisha."

"Ulimwambia?"

"Nilidhani ataelewa mwenyewe."

"Jumanne mpaka Alhamisi! Siku mbili unapita hapa na maji ya maua yako, daraja liko wazi, unalitazama! Bibi wa watu kafa ili kijiji kipendeze!"

Pingu zilipofungwa, Askham aliuliza kwa sauti ndogo kama makamu wake angeweza kutoa maelezo kwa niaba yake.

"Hili hulikasimu kwa mtu, Diwani," alisema Pargeter. "Hili ni lako."

Clive aliachiwa saa tano. Hakuondoka.

"Mama, ule mkoba wa Doreen. Ulikuwa na nini?"

"Vitabu viwili vya maktaba. Kimoja cha mapishi, kingine cha treni za mvuke."

Clive alikaa tena kwenye benchi.

"Cha treni ni changu," alisema. "Nilikuwa nimechelewa kukirudisha, akasema nimpe tu, atanipelekea."