Melenaite Apata Tetekuwanga

Lesieli alikuwa akishona gauni jeupe la binti yake, Melenaite. Jumapili ilikuwa sikukuu ya watoto, na Melenaite angekariri aya kanisani.

"Mama, nawashwa," mtoto alisema, huku akijikuna.

Lesieli alimgusa. Alikuwa na homa. Tumboni na mgongoni palijaa vipele vyekundu, vingine vina maji.

"Mbu hao," alisema Bibi Fusi, mama yake Lesieli. "Mpe aspirini, afanye mazoezi ya aya yake. Ungatea anakuja kumsikiliza."

Ungatea, mdogo wake Lesieli, alikuwa mjamzito.

Lesieli alikwisha kushika kidonge wakati jirani yao Kalo, nesi wa zahanati, alipoingia.

"Kiweke chini, dada! Hii ni tetekuwanga. Aspirini inaweza kumdhuru ini na ubongo."

"Si mbu?" aliuliza Bibi Fusi.

"Bibi, mbu gani anang'ata hadi ndani ya nywele?"

Bibi alipekua nywele za mjukuu wake. Humo nako vipele vilikuwa vimejaa.

"Homa ikimsumbua, mpeni parasetamoli kwa kipimo cha mtoto," Kalo alieleza. "Msimpe dawa nyingine bila kutuuliza. Anywe maji na madafu. Mkateni kucha, asijichubue. Mwogesheni maji ya uvuguvugu, mpakeni losheni ya kalamini, itapunguza muwasho. Akipumua kwa shida, akilegea, akikataa kunywa, au ngozi ikivimba na kuwa ya moto, tupigieni simu mara moja."

Kisha akauliza, "Ungatea aliwahi kuugua tetekuwanga?"

"Hajawahi," alijibu Bibi Fusi.

"Basi asiingie humu! Ugonjwa huu huenea kwa hewa. Ni hatari kwa mjamzito. Mtoto abaki nyumbani mpaka vipele vyote vikauke."

Bibi Fusi alinyakua simu. "Ungatea! Uko wapi?"

"Naliona paa lenu."

"Rudi!"

"Mama, unanifukuza?"

"Nakufukuza, ndiyo! Mtoto ana tetekuwanga. Geuka!"

Ungatea aligeuka.

Jumapili Melenaite alilia, wenzake walipokwenda kanisani. Bibi akampigia Ungatea simu, na Melenaite akakariri aya yake yote. "Rudia, mwanangu," alisema Ungatea. Akarudia.

Vipele vilikauka, akarudi shule. Baadaye Ungatea alijifungua salama mtoto wa kiume. Melenaite alipoitwa ambebe, alikwenda kwanza kunawa mikono. Hakuna aliyemwambia.