Sindano ya Mlangoni

Mkono wa chuma ulichomoza ukutani, ukapapasa msuli wa bega la mgonjwa, ukamdunga kabla hajavuka kizingiti. Mashine ile iliitwa dungakinga. Katika Mbeya ya mwaka 2091, hakuna aliyeingia zahanati, hata kwa jino bovu au kidole kilichokatwa na kisu cha jikoni, bila kuchomwa antibiotiki ya kuzuia maambukizi.

Daktari wa meno Sekela Mwandenga ndiye aliyeipigia debe miaka kumi na moja iliyopita. Asubuhi hiyo aliichomoa waya.

"Daktari, unafanya nini?" Kisonga, msimamizi wa zahanati, alitoka ofisini mbio. "Hiyo ni amri ya wilaya!"

"Namng'oa Bi Atupele jino. Moyo wake mzima, kisukari hana. Ufizi utapona wenyewe. Dawa ya nini?"

"Ya tahadhari tu."

"Dada Tumpe kafa kwa tahadhari yenu," akasema Sekela, kisha akajisahihisha. "Yetu."

Tumpe alikuwa muuguzi wao. Mwezi uliopita alijifungua kwa upasuaji, kidonda kikatunga usaha, na dawa sita zikashindwa moja baada ya nyingine. Kwa miaka yote hiyo vijidudu vilikuwa vikikutana nazo katika miili ya watu wasiozihitaji, vilishazizoea. Sekela alimshika mkono mpaka ukapoa.

"Mama anayepasuliwa apewe dozi yake kabla ya kisu, bila kusita," alisema. "Lakini nataka ikimfikia iwe bado inaua vijidudu."

"Utafukuzwa kazi."

"Nifukuzeni." Akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni. "Bi Atupele, sitakudunga. Ukiona uvimbe au homa, rudi saa yoyote. Unakubali?"

Bi Atupele, muuza viazi, alimtazama Kisonga, kisha akalala kitini. "Ng'oa, mwanangu."

Siku ya nne mkaguzi wa wilaya alileta barua ya kumsimamisha Sekela kazi. Sekela aliisoma amesimama, akavua koti lake jeupe. Bi Atupele, aliyekuja kuangaliwa kidonda, akamwendea mkaguzi na kuachama.

"Chungulia, baba. Usaha uko wapi?"

Mkaguzi alimwashiria Kisonga, naye akairudisha waya. Mkono wa chuma ukachomoza tena mlangoni, ukingoja bega.

Nje, watu wanne waliokuwa foleni, mikono ya mashati imekunjwa kwa mazoea ya sindano, waliishusha, wakafunga vifungo, wakabaki palepale bila kuvuka kizingiti.