Aliyeomba Kutajwa

Kiti kilikuwa kimelowa, na mvua ilikuwa haijanyesha Ifakara kwa wiki tano.

Evelina alikifuta kwa kitambaa, akakirudisha pale pale karibu na nguzo ya mwisho ya baa, akaenda zake kumenya viazi. Alipopita tena na sinia, kilikuwa kimelowa upya. Maji yalidondoka sakafuni tone kwa tone, nayo yalinuka tope na kambale.

"Mama Digna, njoo uone mambo," aliita. "Hiki kiti kinajikojolea."

"Mpe nepi," Levina alijibu, wote wawili wakacheka.

Levina alikuwa amekaa juu ya kreti la soda akimlisha mwanawe wali. Kila Jumapili alasiri bendi ilipiga muziki kwenye baa ya Beatus, naye ndiye aliyekuwa mwimbaji. Mumewe, Deus, alikuwa Dar akitafuta maisha, kwa hiyo mtoto alikuja naye kazini. Evelina, mkaanga chipsi, alimkalisha Digna jikoni kwake mpaka muziki uishe, na kila mara alimwekea maini ya kuku pembeni. Levina akimshukuru, Evelina alikuwa anakasirika kabisa. "Mtoto ni wa wote. Nenda kaimbe."

Digna alikuwa na miaka mitatu. Ukimwita, hata akiwa nyumba ya tatu, alipayuka "Abee, mama!" mpaka majirani wakacheka, kisha ndiyo unamwona anakuja mbio, tumbo mbele.

Watu hawakuja pale kwa ajili ya bia peke yake. Walikuja kutajwa. Mtu alisogea jukwaani, akanong'ona jina lake, na Levina akalipachika ndani ya wimbo. Mkulima aliyeinamia mpunga wiki nzima kule Mchombe akisikia jina lake likitoka kwenye spika alinyanyua mikono juu, ukumbi mzima ukamshangilia, akarudi kukaa akiwa mtu mwingine. Kazi hiyo Levina aliipenda kuliko kuimba kwenyewe. Mzee Hermenegildi, mpiga gitaa na mkuu wa bendi, alimpa sharti moja tu siku alipoanza.

"Taja jina ambalo mwenyewe kakupa. La kwake. Usimtungie mtu jina jukwaani."

"Kwa nini, mzee?"

"Mimi nilikatazwa na aliyenifundisha. Sikumuuliza."

Jumapili ile, jua likizama, taa zikiwa bado hazijawashwa, mwanamke mmoja alisimama chini ya jukwaa. Alikuwa mwembamba, kanga aliyojitanda imemganda mwilini kwa maji, na miguu yake haikuwa na viatu. Levina aliinama ili amsikie vizuri.

"Na mimi nitaje," mwanamke alisema.

"Unaitwa nani, shangazi?"

"Sina jina."

"Hakuna mtu asiye na jina."

"Hakuna aliyewahi kuniita." Sauti yake ilikuwa kavu, ijapokuwa maji yalimtiririka kidevuni. "Nipe wewe. Nipe la unayempenda."

Levina alimtazama. Alifikiri labda ni mmoja wa wale waliopoteza watu wao kwenye mafuriko, akili ikapotea pamoja nao. Moyo ulimuuma. Hakumkumbuka Mzee Hermenegildi wala sharti lake. Alinyanyuka, akashika kipaza sauti, na maneno yakamjia kama maji:

"Digna eee, usikae nje peke yako, njoo nyumbani, Digna, mlango wetu ni wako..."

Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuimba. Watu waliinua simu zao wakarekodi. Kule nyuma, kwenye kiti cha nguzo ya mwisho, mwanamke yule alinyanyua mikono yote miwili juu kama wenye majina wote, na ukumbi ukamshangilia.

Asubuhi Levina alikoroga uji, akaita, "Digna!"

Mtoto alikuwa amekaa kizingitini, amempa mgongo. Hakugeuka.

"Abee, mama!" sauti ilipayuka kutoka migombani, nyuma ya nyumba.

Levina alisimama na mwiko mkononi. Alimtazama mtoto kizingitini, akazitazama nywele zake alizomsuka mwenyewe, akasikiliza. Kulikuwa kimya. Akajiambia ni mtoto wa jirani. Akaita tena, taratibu, na safari hii aliona kwa macho yake kwamba midomo ya Digna haikutikisika, na sauti ile ile, yenye ule mkwaruzo wa mafua aliyokuwa nayo tangu Ijumaa, ilijibu kutoka migombani, "Abee, mama. Nakuja."

Jumatano Deus alipiga simu. Levina alikuwa uani anafua, simu iko ndani kitandani, na Digna alikuwa mbele yake kwenye mkeka, kimya, kama alivyokuwa siku zote tatu. Simu ililia, ikanyamaza. Alipoingia na kumpigia, mumewe alikuwa anacheka.

"Mke wangu, huyu mtoto kakua! Nimemwambia mwanangu hujambo, akaniambia sijambo baba, nina nyumba sasa. Nani kamfundisha?"

"Umeongea na nani?"

"Na Digna. Levina, vipi? Mbona unahema?"

Godoro, mahali simu ilipokuwa imelala, lilikuwa limelowa.

Angeweza kuacha kumwita. Alijaribu. Alimwita "wewe", alimwita "mama mdogo", alimshika mkono badala ya kumwita. Lakini wimbo ulikuwa umetoka. Ulihama simu hadi simu, ukafika Mang'ula, ukafika Mlimba. Waendesha bodaboda waliufungulia kwa sauti ya juu, saluni waliupiga, kwenye harusi ya Jumamosi bibi harusi aliingia nao. "Dada, ngoma yako imetisha!" vijana walimpigia kelele barabarani, naye aliitikia kwa kichwa akiharakisha kwenda nyumbani, kwa sababu kila ulipopigwa karibu, na jina lile likitajwa, kitu kile kiliitika, na kila kilipoitika kilikuwa kimesogea, kutoka migombani hadi uani, kutoka uani hadi nyuma ya mlango wa chumba, na hatimaye chini ya kitanda alicholalia na mwanawe, ambapo aliisikia sauti ndogo ikijibu pikipiki iliyokuwa inapita mbali kabisa, "Abee... abee... abee...", huku mtoto aliyemkumbatia akizidi kuwa baridi na mwepesi, kana kwamba kila "abee" ilitolewa kwenye kifua chake.

Katekista alikuja akasali, akanyunyiza maji ya baraka. Siku mbili nyumba ilitulia. Kisha bodaboda ikapita.

Evelina ndiye aliyempeleka Idete kwa mganga, Mzee Silvano. Alifunga jiko lake siku nzima bila kuulizwa, akabeba mtoto njia yote, na kuku wa kumlipa mganga alikuwa wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mleteni kwenye mwanga."

Mzee Silvano alimshika Digna kidevu, akamwangalia machoni muda mrefu. Levina alisimulia yote, hakuficha kitu.

"Kitu kikiibwa, mimi nakifuata," mzee alisema kwa sauti ya chini. "Wewe hukuibiwa. Ulitoa, halafu ukamkaribisha kwa wimbo. Ni wa mtoni huyo. Hao wanakaa miaka na miaka wakisikiliza watu wakiitana ng'ambo hadi ng'ambo, nao hakuna wa kuwaita."

"Nilimwonea huruma."

"Najua. Asiye na huruma hawamwendei." Alivuta kibuyu chake. "Tutampa mtoto jina jipya. La kwanza tutalinyamazia, wewe, baba yake, majirani, wote. Jina lisipoitwa linakufa kwa njaa, na yeye ataondoka. Mwaka mmoja. Mtaweza?"

"Tutaweza," Evelina aliwahi kujibu.

Nje, barabarani, pikipiki ilipita kuelekea mashambani. Spika yake ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. *Digna eee, usikae nje peke yako...*

Ndani ya nyumba ya mganga, pale pale kati yao watatu, mahali pasipokuwa na mtu, sauti ilisema, "Abee."

Mzee Silvano hakushtuka. Pikipiki ilipoisha kusikika, alirudisha kibuyu mahali pake. Kisha akamchukua kuku, akamfungua kamba iliyombana miguu, akamfunga upya kwa ulegevu ili asiumie, na kumkabidhi Evelina. Juu yake akaongeza papai bivu kwa ajili ya mtoto.

Mganga akikurudishia kuku wako, umeshajibiwa. Levina alijua, lakini aliuliza.

"Nikimpa lingine badala yake? Nikimpa langu, si ataacha la mtoto?"

"Hao hawana mizani, binti yangu. Hawajui kuchukua kiasi."

"Lakini kujaribu?"

"Mimi nimekujibu."

Jumapili Levina alikwenda baa mapema. Digna alikuwa hali wala hanywi. Alipowekwa alikaa, macho yake yakimpita mama yake kama yanavyopita dirisha. Evelina alimpokea mgongoni.

"Usimpe mtu," Levina alinong'ona. "Hata akija nani. Unipe mimi tu."

"Nimpe nani mwingine? Wewe nenda, ukafanye ulichokuja kufanya. Mimi namsubiria mama yake hapa hapa."

Alipanda jukwaani na gauni lake jekundu. Watu walikuwa wengi kuliko siku zote, wengine wametoka mbali kwa ajili ya wimbo ule, wakaanza kuudai kabla hata gitaa halijawekwa sawa. Jua liliposhuka, akamwona. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, na safari hii kanga yake ilikuwa kavu. Mwili ulikuwa umejaa. Mashavu yalikuwa na vishimo viwili vya kucheka, na vishimo vile Levina alikuwa akivibusu kila asubuhi kwa miaka mitatu.

Akaimba. Hakulitaja jina la mtoto. Alimkazia macho yule mwanamke, akaimba:

"Levina eee, hilo ndilo lako sasa, chukua, Levina, la mdogo mwachie mwenyewe..."

Mlio wa gitaa ulikatika. "Umefanya nini?" Mzee Hermenegildi alisema nyuma yake, kwa sauti ya mtu anayeongea msibani. "Mwanangu, umefanya nini?"

Mwanamke alinyanyua mikono juu.

Na kutoka jikoni, kwa sauti iliyopayuka mpaka watu wa karibu wakacheka, mtoto aliita, "Mama!"

Levina alicheka kwa furaha. Aligeuka. Digna alikuwa amenyanyua kichwa mgongoni kwa Evelina, uso wake umechangamka, macho yake yanaona, mikono yake miwili ameinyoosha. Lakini hakuinyoosha kuelekea jukwaani.

Kwenye kaunta ya chipsi alisimama mwanamke mwenye gauni jekundu, gauni la Levina, nywele za Levina, uso wa Levina. Kiti cha nguzo ya mwisho kilikuwa kitupu.

"Huyo hapo mama yako," Evelina alisema huku machozi yakimtoka kwa furaha. "Si nilikwambia atakuja?" Akamshusha mtoto mgongoni, akamweka kwenye mgongo wa yule mwingine, akamfunga kwa kanga yake mwenyewe. Aliivuta kanga juu ili shingo ya mtoto isipigwe na upepo wa jioni. Kisha akampangusa pua.

Levina alifungua mdomo aite. Amwite nani? Jina la mtoto lingeitikiwa na nani? Na la Evelina akilitaja kwenye kipaza sauti, si litakuwa limetolewa nalo? Alikitupa chini akaruka kutoka jukwaani, akasukuma watu, wakamsukuma, chupa zikaanguka, mtu akamtukana, na kila alipopata upenyo aliliona gauni jekundu likienda bila haraka kuelekea getini, kichwa kidogo kimelala katikati ya mabega yake, kimetulia, kimefika.

Akafika kaunta. Alimshika Evelina mkono. "Mtoto," alisema. "Umempa... mtoto..."

Evelina aliuangalia mkono ule, kisha akaangalia uso, vizuri, kwa huruma, kama anavyoangaliwa mtu usiyewahi kumwona.

"Mtoto kaondoka na mama yake, dada. Alikuwa mgonjwa, leo Mungu kasaidia." Akavuta kigoda kwa mguu, akamkalisha, akamwekea kikombe cha maji mkononi na kukishikilia pamoja naye. "Jamani, umelowa hivi umetoka wapi? Pole. Kunywa kwanza. Unaitwa nani, dada yangu?"

"Levina," alisema. "Evelina, ni mimi. Levina."

Kule getini, mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama, akageuka nusu.

"Abee," aliitika.