Kindege cha Uani na Jina la Evodia

Evodia aliinua mikono kutoka kwenye kinanda, na kinanda kikatoa noti moja zaidi, ndogo, ya juu.

"Baba, hiyo sikuibonyeza mimi."

"Vibao vya zamani hivi, vinakwama," alijibu Sostenes, mwalimu wa kwaya ya kigango. Kibao kilichokwama hakijibonyezi chenyewe, na hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote pale kanisani.

Zoezi alilokuwa akipiga lilikuwa la ukurasa mmoja, limetungwa zamani huko Ulaya kwa ajili ya wanafunzi, likimwiga yule ndege mdogo mweusi na mweupe anayekimbiakimbia uani akitikisa mkia. Halikuwa na maneno. Lakini kwa wanakwaya wa kijiji cha Mungaa wimbo bila maneno haushikiki. Hujifunza kwanza kwa do-re-mi, kisha mwalimu hupachika maneno ili vidole vikumbuke. Sostenes, kwa ujuaji wake, akapachika: "Evodia, njoo, Evodia, njoo uani." Yalikaa sawasawa. Alijisikia fundi kweli, na binti akapiga huku akiimba wiki nzima.

Ndipo mtu akaanza kumwita Evodia uani, mchana kweupe, jua la utosi, wakati hata mbuzi wamelala kivulini. Mtoto alitoka mbio, "Abee!", akakuta mkeka wa alizeti iliyoanikwa tu na harufu ya manyoya yaliyoungua. Kila alipoitika alirudi amepungua kitu. Kwanza kilipotea kicheko, yakafuata maneno.

Alhamisi, mama yake, Anastazia, alimvuta mumewe shati.

"Baba Evodia, njoo umwone mtoto," alinong'ona. "Usipige kelele, nakuomba."

Evodia alikuwa uani, mikono ameibana nyuma ya mgongo, anakimbia hatua fupifupi, anasimama, anainama mpaka uso unagusa vumbi na kudonoa sisimizi kwa midomo, mmoja mmoja, na kule kanisani, jirani tu, ambako mlango ulikuwa umefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Sostenes, kinanda kilipiga lile zoezi, taratibu, kisha haraka, kisha haraka kuliko vidole vya binadamu, na kila kilipofika mahali pa jina, mtoto aliinua kichwa na kuwatazama kwa macho yasiyo na weupe hata chembe.

Wakamwita Mzee Idrissa, mtabibu wa majini. Alipokea shikamoo zao, akasikiliza dirishani mwa kanisa, akakataa kuingia.

"Aliyetunga alimwiga ndege, akaishia hapo," alisema kwa sauti ya chini. "Wewe mwalimu umeweka mwito. Aliyeitikia si ndege. Sasa anataka mtu wake, haondoki kirahisi mikono mitupu."

"Nifanyeje, mzee? Sina mtoto mwingine."

"Badilisha jina. Weka la mtu aliyekubali mwenyewe. Na huyo mtu akiitwa, asiitike kabisa. Asipoitika, huyo anayeita atachoka na kwenda zake."

Sostenes aliogopa, lakini hakusita. Tena alikuwa na hesabu yake: nyumbani anaitwa Baba Evodia, kwenye kwaya anaitwa Mwalimu. Akisikia anaitwa Sostenes tu, atajua anayeita si mtu. Akafungua kanisa, akaketi, akalivuta jina lake mpaka likatosha noti, akaimba: "Sostenes, njoo, Sostenes, njoo uani."

Kabla hajamaliza alimsikia Evodia akilia nje, kilio cha mtoto kabisa, akimwambia mama yake ana njaa. Sostenes akalia naye, pale pale kwenye kinanda.

Kesho yake aliitwa kwa sauti ya mwanaume asiyemjua, akauma meno. Akaitwa kwa sauti ya katekista, hakuitika. Ndani ya nyumba Evodia alicheka, akaomba uji wa pili, na Sostenes akaanza kuamini kwamba ameshinda.

Jumapili baada ya misa alikuwa anapeta alizeti uani, upepo umetulia ghafla, harufu ya manyoya yaliyoungua imejaa puani, naye amejikaza kweli, safari hii haitiki hata aite nani, aliposikia nyuma ya ua miguu ikiburuta, kile kikohozi kikavu anachokijua tangu utotoni, na sauti ya mama yake mzazi, waliyemzika kabla ya mavuno, sauti ambayo tangu siku ile alikuwa akitamani kuisikia hata mara moja tu.

"Sostenes, mwanangu, njoo unipokee. Mzigo umenilemea."

"Naam, mama," alisema, na alikuwa ameshasimama.