Makasi Mkobani

Kila jioni Phanice alichambua mboga akimsubiri mamake, Bosibori, fundi wa kushona sare za shule katika duka la Mzee Okemwa mjini Keroka. Ijumaa hiyo mama aliingia macho yamemwiva.

"Nimeacha kazi!" alisema. "Mzee Okemwa anajua vizuri Sabato yangu huanza jua likizama. Leo nilipotaka kutoka mapema ameniita mvivu mbele ya wateja. Nikamtupia tepu yake ya kupimia, nikaondoka!"

Lo! Miaka sita ikaisha kwa dakika moja.

Jumatatu, hospitali moja ya Nyamira ilimwita mama akashone mashuka. Ila ilitaka barua ya kuthibitisha kazi aliyofanya awali. Mama alipompigia Okemwa simu, mzee alicheka. "Aliyeacha kazi kwa hasira hana haki yoyote!"

Mama aliamini, akavunjika moyo kabisa. Kisha akatoa mkobani makasi makubwa ya Okemwa, aliyoyabeba siku ile bila kujua. "Basi haya ndiyo fidia ya matusi yake."

Phanice aliona aibu. "Mama, hayo si yetu. Twende kwa Mwalimu Abner. Yeye ndiye anayetufundisha haki za wafanyakazi shuleni."

Mwalimu aliwasikiliza hadi mwisho. "Mama Phanice, umefanya kazi miaka sita. Barua hiyo ni haki yako kisheria. Sheria haiulizi kama uliondoka ukicheka au ukilia. Lakini makasi yarudi kwanza."

Kesho yake mama, akiwa na Phanice, aliyaweka makasi mbele ya Okemwa. "Mzee, nilikosea kwa kukutupia tepu, na haya niliyabeba. Nisamehe. Sasa naomba barua yangu. Ukikataa, nakwenda kwa afisa wa leba anayetetea wafanyakazi."

Okemwa aliyachukua makasi. "Na nilivyomgombeza fundi mwingine kwa sababu ya haya!" alinong'ona. Akavuta karatasi, akaandika, akapiga muhuri.

Nje ya duka Phanice alipiga kigelegele hadi wauza ndizi wakageuka. Mama alipata kazi wiki hiyohiyo, na safari hii aliwaeleza wakuu wa hospitali kuhusu Sabato kabla ya kutia sahihi.

"Hasira zilinitoa kazini, mwanangu, lakini hazikunifutia haki," mama alisema jioni alipotoka kutia sahihi. "Ila ningedai haki yangu vipi, na makasi ya mtu yamo mkobani mwangu?"