Soma Mpaka Mstari wa Mwisho

Asubuhi hiyo, kiwandani Maricao, Puerto Rico, Migdalia alikuwa anashona mifuko ya suruali za wanajeshi, kazi yake ya miaka kumi na tisa. Meneja akazima mashine. Akasema tenda mpya ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani imekwenda kwa watu wa jimbo la Tennessee. Anayetaka kubaki asaini karatasi: saa chache, bila bima ya matibabu. Mwisho kesho asubuhi.

Migdalia alifika nyumbani na karatasi mkononi. Mumewe, Wilfredo, figo zimekufa. Bima ndiyo inayomsafisha damu.

"Saini tu," Wilfredo akasema. "Nusu shari kuliko shari kamili."

"Miaka yote nawavalisha suruali, leo wanivue mimi?"

Akaenda kwa jirani, Nereida, aliyewahi kufanya kazi ofisi ya manunuzi ya jeshi. Nereida alikuwa anakaanga ndizi. Aliposikia habari, Nereida akamuuliza kama ameliona tangazo la tenda hiyo. Migdalia akashangaa. Mambo ya jeshi si siri?

"Siri gani, mwenzangu? Kila siku ya kazi, saa kumi na moja jioni, wizara inaweka tenda kubwa ilizotoa kwenye tovuti yake. Bure. Hata mimi na ndizi zangu nasoma."

Wakatafuta "Don Chago", jina la kiwanda mdomoni mwa kila mtu Maricao. Hakuna. Kwenye tangazo la jana wakaona suruali, na mwanzoni kampuni ya Tennessee. Migdalia akaiweka simu chini.

"Usiishie mlangoni," Nereida akasema. "Don Chago mwenye kiwanda alikufa zamani. Karatasi yako ya mshahara ina jina gani?"

Migdalia akaitoa kwenye pochi. Jina lile lile la kampuni ya Tennessee; kumbe ndiyo yenye kiwanda sasa. Nereida akamweleza: kwenye tangazo linaanza jina la kisheria la kampuni na makao makuu, halafu bidhaa, halafu mahali pa kazi na siku ya kumaliza. Akashusha kidole.

"Kazi itafanyika Maricao, Puerto Rico. Miaka miwili."

Meneja alijua! Migdalia akalituma tangazo kwenye kundi la wenzake, akiwaonyesha pa kusoma.

Kesho yake asubuhi meneja alikusanya karatasi arobaini na moja. Hakuna hata moja iliyosainiwa. Akazikunja, akawasha mashine.

Mchana Migdalia akamwandikia: "Bosi, tumesoma mpaka mwisho. Kazi ipo hapa. Tuandikie kwamba bima nayo ipo."

Ujumbe ulisomwa. Saa kumi na moja jioni wanawake wote wa kiwandani wakafungua simu zao, kusoma tangazo la siku hiyo.