Mate ya Mwanamke Mwingine

"Naeku, huyo mwanamke anayemtemea mate mwanangu ni nani?"

Hivyo ndivyo mama mkwe wangu mtarajiwa alivyonianza kwenye simu. Hakuna salamu ya takwenya, hakuna habari za Karatu.

"Yeyo, mate gani tena?"

"Senteu wa rika lake amenionyesha video kwenye simu yake. Nimemwambia akutumie. Fungua uone, halafu unipigie. Nimepanda kilima kizima cha Malambo kutafuta mtandao, sishuki mpaka nijue."

Nikafungua. Video yenyewe fupi. Sairowua, mchumba wangu, amekaa ukingoni mwa boti huko Mafia, kavaa nguo nyeusi ya mpira iliyombana mpaka nikamwonea aibu mimi niliye bara. Mbele yake kasimama mwanamke, kaipa kamera ubavu. Mwanamke kachukua miwani kubwa ya kuzamia, kaitemea mate ndani, kayasugua kwa kidole, kaisuuza baharini. Halafu kamvalisha Sairowua usoni, kwa mikono yake mwenyewe. Na Sairowua katulia kama ndama anayefungwa kamba!

"He! Kamtemea kabisa?" Hyasinta akapenyeza kichwa begani kwangu. Yeye anasuka nywele, mimi nauza shanga na shuka. Ukuta wetu ni kanga moja iliyotundikwa. Siri hazipo.

"Sijui nimeona nini, Hyasinta."

"Umeona vizuri tu. Rudisha tena."

Kwa asiyejua, kwetu mate si uchafu. Bibi anamtemea mjukuu utosini. Mzee anatema kiganjani kabla hajakushika mkono. Siku binti anapoolewa, baba yake anamnyunyizia maziwa kwa kinywa chake. Mate ni baraka, na baraka ina wenyewe. Msichana hatoki tu huko akamtemea mwanamume wa watu juu ya boti, wiki moja kabla ya harusi yake.

Nikampigia Yeyo.

"Nimeona."

"Sasa huyo ni mkubwa wa nani mpaka ambariki? Au wameshaoana huko, sisi huku tunanenepesha dume?"

"Sijui, Yeyo."

"Na wewe ndiye uliyemwambia aende!"

Hapo akanipata. Ni kweli, nilimwambia.

Sairowua ni dereva wa watalii. Wageni wake wawili walikuwa wamelipia likizo ya kuzamia baharini, mmoja akateguka mguu akishuka ngazi za lodge, wakampa yeye nafasi zote mbili. Akaja mbio dukani: twende, Naeku, mimi na wewe. Baba yangu akagoma. Binti halali kisiwani na mwanamume kabla ya maziwa. Sairowua akataka kuacha safari, mimi nikamkalia kooni.

"Utakwenda," nilimwambia. "Karatu hii tangu nipate akili ni mji wa likizo za watu wengine. Tunafua mashuka ya likizo, tunakaanga mayai ya likizo, tunakula vumbi la likizo. Mama yangu amekufa hajawahi kupumzika hata Jumapili moja. Leo mlango umefunguka kwa bahati mbaya ya mguu wa mzungu, wewe unataka kuufunga? Nenda kaone huko chini kuna nini. Urudi uniambie."

Akaenda. Na sasa hii.

Nikamwandikia: "Sairowua, nani huyo?"

Tiki moja.

"Jibu."

Tiki moja. Nikavunja uzi wa shanga nilioanza asubuhi. Mchana ndipo ujumbe wake ukaingia.

"Nilikuwa chini ya maji! Naeku, nimeingia ndani ya meli iliyozama! Samaki wanakaa chumba cha nahodha!"

"Nimekuuliza mwanamke."

"Yupi?"

"Anayekutemea mate."

Akaandika, akafuta. Akaandika, akafuta.

"Ni mwalimu tu wa hapa."

"Ana jina?"

"Hatujaulizana majina."

Mtu anakushika uso, anakuvalisha, anakushusha kwenye kaburi la meli, hamjaulizana majina!

Hyasinta akaninyang'anya simu, akaisimamisha video, akaivuta picha kwa vidole.

"Hebu subiri. Hiki kichwa nimekisuka mimi. Kovu hilo hapo juu ya sikio. Huyu ni Witness, wa kule Baray!"

"Witness yupi?"

"Naeku, usijifanye. Yule aliyekuwa na Sairowua chuo cha utalii."

Sikujifanya. Nilikuwa natafuta pa kukaa. Mimi shule yangu ni ya msingi, mengine nimejisomea kwenye magazeti ya kufungia chumvi, lakini kusahau sijafundishwa popote. Nakumbuka gauni la kijani la Witness siku ya mahafali yao. Nakumbuka alivyomtengeneza Sairowua kola ya shati mbele ya watu wote, na Sairowua alivyoniambia baadaye, "Ni rafiki tu." Rafiki tu, leo ni mwalimu tu. Huyu mwanamume ana "tu" ngapi?

Wakati huo mtalii mmoja, mama wa makamo, alikuwa anachagua bangili. Hyasinta, ambaye haya aliziacha tumboni mwa mama yake, akamwonyesha video na kumuuliza kwa Kiingereza chake cha salooni kama huo ni uchumba. Mama wa watu akacheka. Akasema naye huzamia, na wazamiaji wote hutema, mate yanazuia kioo kisiingie ukungu.

Nikashusha pumzi. Nikajiona mjinga, nikafurahi kuwa mjinga.

"Muulize sasa," nikasema. "Huwa wanatemeana?"

Hyasinta akauliza. Mgeni akaitazama tena ile video, uso ukambadilika kidogo.

"Anasema hapana," Hyasinta akanitafsiria polepole. "Kila mtu na miwani yake, kila mtu na mate yake."

Bora nisingeuliza. Kama ni mapenzi, kwa nini hadharani? Kama si mapenzi, kwa nini uongo wa jina? Kila nikilishika upande huu, linateleza upande ule.

Jioni akapiga baba, mzee Lekoko.

"Nimesikia."

"Baba, inawezekana ni mambo ya kazi yao huko..."

"Sijakuuliza. Akirudi, aje hapa mbele ya wazee na mbele yako. Aseme kwa nini mwanamke mwingine amemtemea mate. Asiposema, mimi maziwa yangu sinyunyizi. Jumamosi hakuna harusi."

"Na akisema uongo?"

"Uongo wewe utaujua. Wewe ndiye unayekumbuka kila kitu."

*

Sairowua alirudi Karatu Jumatano, pua imembambuka kwa jua, mkononi kabeba kombe la baharini alilonunua kwenye duka la bandarini. Akaliweka juu ya shanga zangu.

"Mpenzi."

"Kaa mbali. Eleza."

"Naeku, maji ya kule si baridi. Ni vuguvugu, kama maziwa yaliyotoka kwenye kiwele sasa hivi. Unashuka, unakuta matumbawe, mengine kama kabichi, mengine kama pembe za swala, zambarau, manjano. Samaki wanapita kundi zima kama mbuzi wanaorudi zizini, lakini hakuna anayewachunga. Na ile meli imelala ubavu. Imeota matumbawe. Chuma kimeota, Naeku!"

Hasira yangu ikaanza kunisaliti. Nilimtuma akaone, na kumbe alikuwa ameona. Nikatamani aendelee. Nikatamani pia nimpige na lile kombe.

"Witness hajambo?" nikauliza.

Akalishika lile kombe upya. Nyuma ya kanga, mikono ya Hyasinta ikasimama kichwani mwa mteja.

"Ulijuaje?"

"Wewe ulisema hamjaulizana majina. Kweli, mnajuana, ya nini kuulizana?"

"Hakuna kitu kati yetu. Anafundisha pale, nilimkuta tu. Naapa."

"Usiniapie, nijibu. Mate ni ya kuzuia ukungu, hilo nimeshajua. Kila mtu anatema yake. Kwa nini wewe hukutema yako?"

Nilimwona akifungua mdomo. Nilimwona akitafuta neno na kulipata, halafu akalimeza.

"Siwezi kukuambia."

"Basi kawaambie wazee. Beba na kombe lako."

Alipoondoka, Hyasinta akatoa kichwa.

"Wewe unaonaje?" nikamuuliza.

"Mwenye mwanamke huwa ana maelezo mengi. Huyu hana hata moja. Hata mimi nimechanganyikiwa, dada."

*

Alhamisi tukakaa Malambo, nje ya boma la baba. Wazee kwenye vigoda vyao, Yeyo na wanawake upande wa zizi, vijana wa rika la Sairowua wamesimama na fimbo zao. Senteu alikuwa mbele, maana yeye ndiye aliyeipata video na kuitembeza kama mwenge.

"Sema," baba akamwambia Sairowua.

Sairowua akasimama, akatazama chini.

Senteu akashindwa kuvumilia. "Ndugu yangu, mbona jambo dogo? Sema ulipitiwa. Mwanamke mzuri, bahari, joto. Wazee watakutoza mtamba mmoja, tutakula yaishe, Jumamosi tucheze."

Wanaume wakacheka. Mzee mmoja akatikisa kichwa kukubali, mtamba ni sawa. Hata baba alionekana kupima. Nikamwona Sairowua akiinua macho, na nikaogopa, kwa sababu mlango huo ulikuwa wazi na rahisi. Akisema "nilipitiwa", Naeku ataolewa naye Jumamosi. Na huyo Naeku nilikuwa simjui.

Akanitazama.

"Sikupitiwa," akasema. "Sikuwa na mate."

"Nini?" baba akainama mbele.

"Tulipofika palipozama meli, mwalimu akasema kila mtu ateme kwenye miwani yake. Nikajaribu. Mdomo ulikuwa mkavu kama ngozi iliyoanikwa. Nilitazama yale maji, hayana mwisho. Niliogopa, baba. Witness akaona. Akatema yeye ili wenzangu wasijue."

Hakuna aliyecheka kwanza. Akaendelea, sasa maneno yalikuwa yanamkimbia.

"Na ndani ya meli nilimshika mkono nikakataa kumwachia. Nililia ndani ya miwani. Nilificha jina lake kwa sababu Naeku angempigia, na angeambiwa."

Ndipo Senteu akapasuka. "Layoni! Wewe ni layoni! Tulitahiriwa na wewe siku moja, hukupepesa jicho, unalizwa na maji?"

Vicheko vikaenda boma zima. Kumwita mwanamume layoni, mvulana asiyetahiriwa, mbele ya wakwe zake! Sairowua akasimama palepale, akazipokea.

"Nyamazeni!"

Hiyo ilikuwa sauti yangu. Mara ya mwisho niliposema kwenye kikao cha wazee ilikuwa juu ya bomba la maji lililojengwa likapita vijiji vyetu, na mpaka leo hawajanisamehe. Wakaongeza na hii.

"Akisema alilala na mwanamke, mnamtoza mtamba, mnachoma, mnacheza. Akisema aliogopa, mnamvua utu wake. Kwa hiyo mnataka tuolewe na waongo? Senteu, wewe umewahi kuona bahari?"

"Bahari nifuate nini?"

"Umewahi kuogelea hata bwawa la ng'ombe?"

"Mimi si chura."

"Basi funga mdomo, huo wenye mate mengi." Yeyo akacheka kwa pua. Nikamgeukia Sairowua. "Na wewe! Uliona heri nifikiri una Witness kuliko nijue uliogopa maji?"

"Ndiyo."

"Nimekaa siku zote hizi sili, sijui nikulilie au nikulaani!"

"Najua."

"Mjinga."

"Ndiyo."

Baba akagonga fimbo chini. "Mimi nina swali. Mdomo ulipokauka, boti ilikuwa karibu?"

"Nilikuwa nimekalia ubavu wake, baba."

"Mbona hukubaki?"

Sairowua akanielekezea kidevu. "Binti yako aliniambia nikaone, nije nimwambie. Ningemwambia nini? Kwamba tulipata likizo mara moja tu katika maisha yetu, nikakaa juu nikawashikia wazungu viatu?"

Sikulia. Wanaosema nililia ni watu wa Senteu.

Baba akajikuna shavu. "Hebu tema tuone. Yamerudi?"

"Hapa?"

"Hapa."

Sairowua akakusanya mashavu. Akajaribu. Akajaribu tena. Macho ya wazee wote yako mdomoni kwake, ya Yeyo, ya Senteu. Wapi! Pamekauka kabisa. Boma likavunjika kwa kicheko, na safari hii hata yeye alicheka.

"Mpeni mwanangu maziwa!" Yeyo akapiga kelele.

"Subirini," nikasema.

Nikamwendea. Nikafungua kiganja changu, nikakitemea mate kama wafanyavyo wazee, nikamnyooshea mkono. Akautazama. Halafu akaushika, akaubana, kama nadhani alivyobana ule mwingine ndani ya meli. Lakini huu ulikuwa wangu.

"Binti," baba akanguruma, "hiyo ni kazi yangu."

"Yako ni ya Jumamosi, baba. Hii ilikuwa ya dharura."

Nikapanda kilima cha mtandao na Yeyo, yeye akanishikia fimbo. Namba nilikuwa nayo tangu mwaka wa mahafali, sifuti vitu; kiburi tu ndicho kilichonizuia kumpigia. Nikaandika:

"Witness, ni Naeku. Asante kwa mate. Jumamosi njoo Malambo, njoo na miwani moja ya kuzamia. Baada ya harusi anayeshuka ni mimi."

Jibu likarudi kabla hatujaanza kushuka.

"Nakuja, dada. Ila kutema utatema mwenyewe."